Mtungi wa Zenon

Silvana alikuwa na vidole vifupi, kama vilivyotolewa kwa mgawo, na ndivyo vilivyomfanya afinyange mitungi yenye shingo nyembamba kuliko wanawake wote wa upande wa Mollo, nje ya Sumbawanga. Vidole virefu, alisema, vina haraka. Vinataka kumaliza kazi kabla udongo haujakubali. Mimi vyangu ni virefu. Aliviangalia siku ya kwanza akacheka, na ilinipasa kulichukua lile cheko kama onyo.

Mwaka ulikuwa 1976. Kijiji chao kilikuwa na miaka miwili tu tangu watu wahamishwe walikokuwa na kupangwa kando ya barabara, nyumba zimenyooka kama mgambo kwenye gwaride. Shimo la udongo lilibaki nyuma, mwendo wa saa mbili. Wenzake wawili waliacha ufinyanzi kwa sababu hiyo. Silvana alijitwisha kikapu akaendelea kwenda, akisema serikali imehamisha watu, udongo haukupewa barua.

Nilipomfahamu alikuwa mjane wa miezi sita. Mumewe Zenon alikuwa mkulima wa ulezi na maharage, mnywaji wa kiasi (kiasi kikubwa), na mwimbaji wa kanisani mwenye sauti iliyomfanya padri afupishe ibada. Homa ya mapafu ilimchukua wakati wa mvua. Tangu hapo Silvana hakugusa udongo, na mtu asiyejua angedhani ni huzuni tu.

Haikuwa huzuni tu. Katika ukoo wao, mke mfinyanzi humfinyangia mume mtungi mmoja, wiki ya harusi. Mume hunywea pombe humo peke yake maisha yake yote. Akifa, mtungi huwekwa kifudifudi miguuni pa kitanda mpaka ulezi mpya uvunwe. Hapo pombe hupikwa, watu huitwa, mjane huunywea mtungi ule kwa mara ya kwanza na ya mwisho, halafu mtani humtukana marehemu na kuuvunja. Ukishavunjika, mume amekwenda. Kabla ya hapo bado yumo ndani, na mke hawezi kuwafinyangia watu wengine wakati mwenye nyumba hajatoka.

Haya yote niliambiwa. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

Mimi ni Asajile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye nusu ya stashahada. Nusu nyingine ilibaki chuoni na mkuu wa chuo, ambaye nilikuwa nawaonyesha wenzangu anavyotembea, naye yuko nyuma yangu anatembea vilevile. Mjomba akanitafutia ukarani wa muda Sumbawanga, kwa Bwana Eustaki, afisa utamaduni. Waraka ulikuwa umefika: tukusanye vitu vya utamaduni wa wananchi kwa maonyesho ya Saba Saba Mbeya. Nikapewa baiskeli. Nilifika kwa Silvana naisukuma, gurudumu la nyuma limekwisha pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa, wewe ndiye uliyeipanda hiyo, au ni zamu yake kukupanda wewe?"

Tukaelewana hapohapo. Alinipa togwa, akanionyesha mitungi mitatu ya zamani aliyobakiwa nayo. Mizuri. Lakini kupitia mlango wa chumbani niliuona ule mwingine, umelala kifudifudi, mweusi kwa miaka thelathini ya pombe na mikono, shingoni una mistari midogo kama mikunjo ya mtu mzima anayetaka kucheka.

"Ule pale, mama."

"Ule ni Zenon," akasema, na ndipo akanieleza kila kitu.

Kwetu tukizika tunacheza ngoma mpaka vumbi linamfunika marehemu kabla ya majembe. Kasanga, kando ya ziwa, nimewaona Waislamu wakimaliza arobaini kwa ubani na sinia la wali. Kila watu na mlango wao wa kumtolea maiti nyumbani. Niliwahi hata kuliandikia insha jambo hili, mwalimu akanisifu. Mbele ya Silvana ile insha ilikaa kimya kama mbuzi aliyeiba chumvi.

"Mama, mnauvunjaje mtungi kama ule? Mimi ningekuwa Zenon ningekataa kutoka."

"Ndiyo maana unavunjwa. Wangeachiwa wenyewe, nani angetoka?"

"Niazime wiki tatu tu. Saba Saba ikipita naurudisha. Kuvunja ni mwezi wa nane, sivyo? Mzee hajawahi kufika Mbeya. Mwache atembee kidogo."

Nilimchekesha, na hilo ndilo kosa langu lenyewe: najua kumchekesha mtu mpaka mkono wake ufunguke. Aliuinua mwenyewe, akaufunga kwa kanga, akaniwekea mikononi kama mtoto mchanga.

"Mwanangu, wiki tatu."

"Wiki tatu, mama."

Huko Mbeya mtungi ulipata nafasi ya kwanza. Bwana Eustaki, mtu mwema asiyemzidi mtu sauti, alirudi nao ameukumbatia kwenye kiti cha mbele cha lori, mimi nyuma juu ya magunia. Akauingiza kwenye daftari la vifaa, akaupaka namba kwa rangi nyeupe tumboni, 14, akaufungia kwenye kabati la kioo nyuma ya meza yangu. Nilipomkumbusha ni wa kuazima, alishangaa kwa dhati.

"Asajile, tuurudishe ukavunjwe? Sisi kazi yetu ni kutunza."

Nilipaswa kumweleza. Alikuwa mtu wa kuelezwa. Lakini mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na sahihi ilikuwa yake, kwa hiyo nikasema, "Kweli, mzee," nikakaa. Zenon akawa nyuma ya kisogo changu kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu, kila siku ya kazi.

Mwezi wa nane ukaja. Mtu mwingine angekwenda kusema ukweli. Mimi nilipanda lori la kuteremka Mtowisa, kwenye joto la bonde, nikamtafuta mfinyanzi mmoja aitwaye Agnesi, nikamchorea mtungi kwenye karatasi. Akaufinyanga sawasawa, mistari ya shingoni na yote. Nikaufukiza juu ya moshi siku nne, nikaupaka mafuta ya karanga, nikaufunga kwenye kanga ileile ya Silvana. Nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilijiona fundi.

Siku ya kuvunja, watu walijaa uani. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari. Mtani alikuwa Maganga, Mnyamwezi, fundi baiskeli wa sokoni, na alikwishaanza: "Leteni huyo mlevi! Alinikopa pampu akaona heri afe!" Vicheko. Nikamkabidhi Silvana furushi mbele ya wote.

Alilifungua. Akaingiza mkono ndani ya mtungi, ule mkono mfupi, akauzungusha mara moja. Akaacha. Akaniangalia.

Kisha akachota pombe, akanywa, akampa Maganga. Maganga akauinua juu. "Zenon! Kaimbe huko, malaika nao wakimbie!" Mtungi ukapasuka kwenye jiwe, wanawake wakapiga vigelegele, na nami nikapiga makofi kuliko wote.

Mvua zikaja, zikapita. Kila gulio nilitazama upande wa wauza vyungu, Silvana hakuwapo. Nilimuuliza Kristiana, jirani yake, aliyekuwa akiuza maharage. "Umri huo," akasema. "Na shimo ni mbali." Kijiji kizima kilikuwa na maelezo. Mimi peke yangu nilikuwa na sababu, nayo ilikuwa kwenye kabati, na ilibidi niifute vumbi kila Jumatatu.

Mwezi wa tano nilimfuata shambani. Alikuwa anavuna ulezi kwa kisu kidogo, suke moja moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, ule mtungi..."

"Ule wa udongo wa bondeni?" Hakuacha kukata. "Aliyeufinyanga ana mkono mzuri. Lakini udongo wa ndani anaufuta kwenda kulia. Mimi nafuta kushoto. Miaka thelathini niliosha mtungi wa Zenon, nitaambiwa na nani?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Watu wamekwishakunywa, wamecheka, wewe umesimama pale na kishati chako cha ofisi. Ningesema, wangekuvunja wewe badala ya mtungi." Akatupa masuke ya ulezi kikapuni. "Yuko wapi?"

"Ofisini. Kwenye kabati la kioo."

"Wanamlisha nini?"

"Kuna mafaili tu, mama."

"Zenon hakujua kusoma," akasema, na hakuwa anatania. Hapo ndipo aliponitazama. "Na mimi ninakaa mikono mitupu, wanasema nimezeeka. Wewe ulicheka, ukaenda."

Nikarudi mjini nikamwambia Bwana Eustaki yote, kuanzia wiki tatu mpaka Mtowisa na mafuta ya karanga. Alivua miwani.

"Kilichomo daftarini hakitoki," akasema polepole, kama anayesoma. "Hakuna safu ya kurudisha. Kuna safu ya kilichoharibika." Akavaa miwani. "Alhamisi nitakuwepo asubuhi. Mwambie mama akitaka kuuona, milango ya ofisi ya umma iko wazi kwa wananchi."

Silvana alikuja Alhamisi kwa miguu, na kibuyu cha pombe ya ulezi ule mpya, na jiwe kwenye kikapu. Jiwe alilitoa nyumbani. Hakutuamini hata kwa mawe. Bwana Eustaki akamwamkia, akafungua kabati, akauweka mtungi juu ya meza yangu. Silvana aliingiza mkono ndani, akauzungusha kushoto, akafumba macho. Halafu akaona ile 14.

"Ndiyo nini hii?"

"Namba, mama," nikasema.

"Mlimwandika kama ng'ombe wa mnada."

Akamimina pombe, akanywa yote kwa pumzi moja, akanigeuzia mtungi.

"Mama, Maganga yuko sokoni, nimwite..."

"Maganga alikwishamaliza kazi yake, alimtukana mtu wa watu kwenye mtungi wa bondeni. Mnyakyusa si mtani wetu. Lakini umetutania vya kutosha. Sema."

Maneno yangu yote ya maisha, ya chuoni, ya vilabuni, yale yaliyonigharimu nusu ya stashahada, yaliondoka. Nilisimama nimeushika. Nilisema tu, "Zenon, nenda." Nikauvunja.

Ulilia tofauti na ule wa Mtowisa. Ulikuwa mzito, kama mtu anayekaa chini.

Bwana Eustaki akafungua daftari, akaandika kwenye safu ya mwisho: umevunjika. Akagonga muhuri. Silvana alikuwa ameinama sakafuni akiokota vigae, na aliposikia muhuri akainua kichwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia amina. Aliokota vyote isipokuwa kimoja, chenye namba. Hicho alikisukuma kwa kidole mpaka kwenye kiatu changu.

"Hiki ni chenu."

Mkataba wangu haukuongezwa, na sikuuliza. Mwezi wa tisa, kabla sijapanda gari la Mbeya, nilipita gulioni. Silvana alikuwapo, na mitungi minne, udongo bado kwenye kucha. Shingo hazikuwa zile. Mwaka na zaidi bila kazi haupiti bure mikononi. Nilichutama mbele yake kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Utamaduni," akasema, kwa adabu, kama anavyomwambia mteja yeyote. "Unataka upi?"