Tai Yangu, Feni na Mama Mkwe

Nikiwasimulia haya msianze kunicheka mapema, kwa sababu mwisho wake ndio mbaya zaidi, na mpaka leo nikikutana na watu tuliopanga nao ploti moja zamani pale Kitengela, wananisalimia huku wakiitazama suruali yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa ikienda kuisha, mimi mwalimu upande wa Kisaju, na nilikuwa na gari kuukuu (jina lake silitaji, waliolitengeneza hawana kosa). Cheni ya taimingi, ile inayofanya sehemu ya juu na ya chini ya injini ziende pamoja, ilikuwa imelegea hadi nikipita watu walidhani nimebeba sufuria. Makanika wangu, Musyoka, akaniambia nilipumzishe gari, angefunga nyingine Jumatatu. Lakini harusi ya shemeji yangu ilikuwa Jumamosi kule Kajiado, na mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ametoka Bungoma ili mimi nimfikishe. Sasa huyu mama, wakati wa posa, alisema wazi mbele ya wazee kwamba binti yake Nafula anaolewa na mdomo mtupu. Nilitaka aende kumwoza binti wa pili akiwa ndani ya gari la huyo mdomo mtupu, basi nikanunua cheni na kuamua kuifunga mwenyewe, kwani niliwahi kumshikia Musyoka tochi (mtu akishika tochi mara mbili hujiona injinia).

Lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa na neno kwa mwenzake linapitia kwa mtu wa tatu. Hata kulala, mama hakulala kwangu. Alilala kwa jirani yetu, Mzee Parsaloi, mwenye ploti.

Ijumaa nilishinda ndani ya ile injini. Kuna alama kwenye gia ya juu na gia ya chini ambazo lazima zitazamane kabla hujafunga cheni, na zangu zilitazamana kama mimi na mama mkwe. Mimi sikujua. Nilifunga kila kitu, nikabaki na boliti tatu mkononi, nikazitia mfukoni nikisema kiwanda kilizidisha.

Jumamosi asubuhi nikavaa suti na tai nyekundu ndefu. Chuma cha kushikilia betri kilikuwa kimevunjika, nikavua mshipi wa suruali nikaifunga nao (wazo zuri kabisa, nilijipongeza). Mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la hariri, ameketi kando ya mlango, uso ameuelekeza kwenye ua wa mbuzi kwa adabu. Nafula nikamweka kwenye usukani, madirisha yakafungwa kwa sababu ya vumbi, na boneti ikiwa juu hakuniona wala kunisikia, kwa hivyo tukakubaliana: nikigonga bodi ya gari mara moja, awashe, nikigonga mara mbili, azime.

Nikagonga. Injini ikakohoa, ikapiga mlio mmoja kama bunduki, mbuzi wakaruka ua, halafu ikashika, kwa unyonge, ikitetemeka. Nikainama kuzungusha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, nitafute mahali injini itulie, na moyoni nilikuwa na furaha ya kijinga sana. Nyuma yangu, mama mkwe, aliyekuwa amegeuzwa na ule mlio, akaiona tai yangu ikining'inia juu ya feni ya injini. Alimwita Nafula, Nafula hasikii. Kuniita mimi, mwiko. Akamgeukia Mzee Parsaloi, aliyekuwa amesimama karibu yangu, akamwambia, "Mzee, mwambie mkwe wangu tai!"

Parsaloi ni mtu wa heshima, hawezi kumpa mtu ujumbe kabla hajamsalimu.

"Sopa, mwalimu," akasema.

"Epa," nikajibu.

"Umeamka poa?"

"Poa, mzee."

"Na watoto?"

"Wako sawa tu."

"Ng'ombe za huko kwenu nazo? Mvua imenyesha? Sasa mwalimu, iko kitu huyu mama anasema juu ya hiyo nguo ya shingo..."

Wakati huo nguo ya shingo ilikuwa imekwenda. Feni iliizoa, ikanivuta hadi pua ikagonga redieta, kisha injini ikazimika. Nikaanza kuipiga ile bodi kwa nguvu zangu zote, na Nafula huko ndani, mke mtiifu, akahesabu anavyojua yeye, akaanza kuwasha tena. Kila starta ikilia, shingo inasogea.

Hapo ndipo mila iliposhindwa. Mama mkwe aliruka kutoka kwenye kiti, akapaza sauti, "Baba Nekesa!" (Nekesa ni mtoto wangu wa kwanza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kunitaja), akanishika suruali kiunoni kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu za mtu anayelima shamba la mahindi peke yake. Shingo haikutoka. Suruali ilitoka, maana mshipi ulikuwa kwenye betri. Ploti nzima ilikuwa nje kumsindikiza mama wa bi harusi, na nguo yangu ya ndani ilikuwa na dirisha. Parsaloi alichomoa kisu akaikata tai, nikaanguka chali mbele ya mama mkwe, na kwa aibu niliyoona nilitamani angeikata shingo.

Mama alifika Kajiado kwa wakati, ndani ya lori lililokuwa limepeleka nyanya mjini na sasa likirudi Loitokitok na makreti matupu. Mimi sikwenda. Musyoka alipokuja Jumatatu akafungua injini, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kama ungepanga hii cheni vizuri, injini ingekuwa na nguvu, na saa hii tungekuwa kwa matanga yako. Shukuru Mungu hujui kazi."

Wazee wa kwetu waliamua nitoe kondoo wa kutakasa macho ya mama, nikatoa, na baada ya hapo tukaruhusiwa kusemezana. Ndugu zangu, amesema! Siku hizi ana simu ya mkononi, ananipigia kuniambia jinsi ya kufundisha, jinsi ya kula, na kwamba mimi bado ni mdomo mtupu. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza mbona alivunja mwiko kwa ajili ya mtu asiyempenda. "Mkwe mbaya ninaye," akasema. "Binti mjane simtaki."

Nimeapa kutogusa injini tena maishani. Na simu yake naipokea kila mara, nikiwa nimesimama.