Shafti ya Lavonne Dvorak

Lavonne Dvorak alikuwa na miaka sabini na miwili, goti moja la bandia, na ulimi ambao mji mzima wa Brezno uliuogopa kuliko mvua ya mawe. Kwa miaka thelathini na mmoja alikereza vyuma katika kiwanda cha pampu, mwanamke pekee katika zamu yake, akastaafu na vidole vyake vyote kumi. Hilo alipenda kulitaja, hasa mbele ya wanaume waliobaki na tisa.

Shule ya Brezno ilipofungwa na watoto wakaanza kupelekwa kwa basi mji wa jirani, watu walilia wiki moja, kisha wakazoea. Lavonne hakuzoea. Kila Alhamisi alipanda mashine yake kuukuu ya kukatia nyasi, akaketi wima kama mtu anayeendesha trekta, akaukata uwanja wa besiboli wa shule mpaka kwenye uzio. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Ila Gaylen Rusk, mwenyekiti wa bodi ya shule, ambayo bado ilimiliki ardhi. Yeye aliutaka uwanja uuzwe. Gaylen ndiye aliyesimamia pia maghala ya nafaka, na hakukuwa na mkulima Brezno asiyempelekea mahindi, kwa hiyo yeye akikohoa, wenzake walitafuta leso. Mwezi Juni bodi ikapitisha azimio: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, uwanja utakaguliwa. Ukionekana haufai, mechi ya sikukuu ya uhuru, Julai nne, itachezwa mji wa jirani, na ardhi itapata mnunuzi.

Mvua ikanyesha siku kumi mfululizo. Jumanne ya wiki ile ya ukaguzi jua lilipotoka, nyasi zilikuwa zimefika nusu ya muundi. Lavonne hakungoja Alhamisi. Hakuwa amemaliza hata mzunguko wa pili mashine ilipoanza kukwaruza, chuma kwa chuma, na kisu cha kushoto kikaanza kulamba udongo na kuacha mchirizi wa kahawia nyuma yake. Akazima, akachomoa waya wa plagi, akapiga goti lake zima, akakishika kisu kwenye ncha na kukitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Beringi," alisema peke yake, na akaongeza maneno mengine ambayo kasisi wake hakuwahi kuyasikia.

Aliirudisha nyumbani polepole, akatoa mkanda, akaifungua sahani ya visu iliyo chini ya mashine na kuivuta nje. Nati ya kisu ilikataa. Akakizuia kisu kwa kipande cha mbao, akaimwagia nati mafuta, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote mpaka ikatoa ukelele na kulegea. Ndani alikuta beringi ya chini imesagika gololi zake, na shafti yenyewe, ule mhimili unaozungusha kisu, imelika pale beringi ilipokaa. Ukucha wake uliingia kwenye mfuo.

Asubuhi iliyofuata aliibeba ile shafti kwenye gazeti hadi duka la mashine.

"Mama, hii ni ya jumba la makumbusho," alisema muuzaji. "Shafti yake haitengenezwi tena. Mbona usichukue mashine mpya? Hizi zina hadi mahali pa kuweka kikombe."

"Mimi naenda kukata nyasi, siendi kunywa kahawa. Beringi unazo?"

"Beringi zipo. Lakini beringi mpya juu ya shafti iliyolika ni kazi bure."

"Nililijua hilo hujazaliwa, baba. Nipe beringi mbili."

Alipopita mkahawani kununua kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu, Gaylen alikuwa mezani na wakulima wanne. "Nasikia kale kachuma kako kamekata roho, Lavonne," alisema kwa sauti ya kusikika. "Pumzika sasa. Umri wako ni wa kufuma soksi."

Wale wanne wakacheka huku wakitazama sahani zao.

"Nitakufumia jozi, Gaylen," Lavonne akajibu. "Nipe tu kipimo cha ulimi wako, maana ndio unaotembea."

Hapo mmoja alicheka kweli, akajifanya amepaliwa.

Aliyecheka ni Delbert Zelenka, jirani yake, ambaye ghalani kwake kulikuwa na mashine ya kukerezea. Alimfuata Lavonne nje, akakagua barabara pande zote mbili.

"Dada, mimi siwezi kukusaidia. Unajua mahindi yangu yanakwenda kwa nani."

"Sijakuomba kitu."

"Najua. Nakwambia tu kwamba kesho naenda kuvua kambale kutwa nzima. Mlango wa ghala haufungiki vizuri. Na kuna kipande cha chuma kizuri juu ya benchi, sijui hata nilikiweka cha nini."

"Wewe ni mwoga, Delbert."

"Sana," alisema Delbert. "Usisahau kuzima taa."

Alhamisi nzima Lavonne alisimama ghalani kwa Delbert kwenye ile mashine ya kukerezea. Alikereza, akapima, akakereza tena unywele kwa unywele. Shafti ya kwanza aliipunguza kupita kiasi, akaitupa ukutani. Kipande kilichobaki kilitosha moja tu. Akaegemeza viwiko kwenye benchi, akaendelea. Jioni beringi iliteleza juu ya shafti mpya ikakaa imara, na alipoizungusha kwa kidole haikutoa sauti. Akarudi nyumbani, akafunga kila kitu mahali pake, akapaka grisi.

Ijumaa saa sita, Gaylen alipofika na wajumbe wawili, uwanja wote ulikuwa umelala kama zulia isipokuwa ukanda mmoja, na Lavonne alikuwa anaumaliza. Gaylen akasimama mbele yake na kunyoosha mkono. Lavonne akasimamisha visu, ila si injini.

"Muda umekwisha!" Gaylen alipiga kelele. "Na hii mashine ni hatari. Ukikatika mguu, bodi ndiyo itakayoulizwa."

"Bodi ilisema ukaguzi. Kagua! Umesimama juu ya nyasi zangu."

Mjumbe mmoja, Bi Thelma Cady, mwalimu mstaafu, akavua viatu na kutembea hadi katikati ya uwanja. Aligeuka. "Gaylen, hapa unaweza kucheza biliadi. Tia sahihi twende tukale."

Gaylen alitia sahihi fomu ya ukaguzi juu ya boneti ya gari lake, kalamu ikitoboa karatasi.

Mechi ilichezwa, na Brezno ikafungwa vibaya sana. Delbert alikuwepo, na safari hii alikaa karibu na Lavonne mahali ambapo Gaylen angemwona. Mwezi Agosti Lavonne alichukua fomu ya kugombea kiti cha bodi. Karani alimuuliza kama ana hakika, kwa umri wake.

"Dvorak huandikwa kwa D kubwa," Lavonne akamwambia. "Andika."