Ndoo Mbili za Mayungiyungi

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kwa ubatizo wa mjukuu wa kaka yangu. Nikapita mtaa wetu wa zamani, Milanzi, kwa miguu, na pale palipokuwa na bustani yangu ya maua nikakuta fremu nne za maduka. Nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Wewe unanijua kama fundi cherehani tu. Ngoja leo nikusimulie kazi yangu ya kwanza.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Mama akanipeleka parokiani kwa sista mmoja mzee, aliyefundisha wasichana upishi na bustani. Wenzangu walipenda upishi, maana wali ulioungua tuliula wenyewe. Mimi nikapenda maua. Baridi ya Ufipa unaijua, ile ya mwezi wa saba inayopasua midomo. Lakini bustani ya sista haikuijali. Kulikuwa na waridi, dalia, na hasa yungiyungi jeupe lenye umbo la tarumbeta, lililojiotea kando ya mfereji. Sista alitaka tufike umande ukiwa bado kwenye majani. Tulikata mashina kwa mshazari, tukapukuta majani ya chini, tukayazamisha maua kwenye maji hadi shingoni. Mashada ya msiba tuliyasuka kwa fito za mianzi na nyuzi za mgomba. Sista alizoea kusema, "Harusi ina siku nyingi za kujiandaa, msiba hauna hata moja. Mwenye msiba ahudumiwe kwanza."

Nilipofika miaka kumi na saba nikaanza kazi yangu mwenyewe. Jirani yetu, mama mmoja mjane, akanipa bure kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake.

"Lima, mwanangu," aliniambia. "Hapo pana maji mno, mahindi yamenigomea. Labda maua yatapaelewa."

Samadi tuliifuata pamoja kwenye boma la Wasukuma, madebe kichwani, tukarudi tunanuka ng'ombe na kucheka njia nzima. Mimi nikipalilia, yeye alileta kigoda chake akapeta ulezi, tukapiga soga hadi ungo uishe.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na vitenge, na matajiri wapya wakaanza harusi za misafara ya magari. Mfanyabiashara mmoja wa Mazwi, katikati ya mji, aliyekuwa akiozesha binti yake, akaniagiza nipambe kanisa, ukumbi na pikapu ya maharusi. Alitaka maua meupe matupu. Mji mzima ungekuwepo, nami nikajua nikiiweza ile harusi, nimetoka.

Ijumaa, siku moja kabla, nikakata mayungiyungi yote. Yakajaa ndoo mbili, nikayaweka chumba cha ndani. Sijamaliza kunawa mikono, nikasikia kilio kwa jirani. Mama yake mzazi, bibi aliyekuwa akiugua siku nyingi, alikuwa amefariki. Mchana ule jirani akaja mlangoni kwetu, khanga imefungwa kiunoni.

"Mwanangu, mama amekwenda. Tunazika kesho asubuhi. Nipatie yale meupe, hata machache. Kila siku alikuwa anaomba tumfungulie dirisha ayaone."

Nikaziwazia meza za ukumbini. "Pole sana, mama. Lakini yameisha. Parokiani wameyachukua asubuhi."

Akageuka kuitazama bustani. "Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Haya, mwanangu. Si kosa lako."

Kesho yake bibi akazikwa kwa maua ya porini. Mimi nilikuwa Mazwi. Msafara wa harusi ulipopita Milanzi, tukakutana na waombolezaji wakitoka makaburini, jirani yangu akiwa mbele. Madereva wakapunguza mwendo kwa heshima, kwa hiyo alipata muda wa kutosha kuiangalia ile pikapu, nyeupe tangu boneti hadi nyuma. Nilikuwa nimeketi nyuma, nimeyashikilia maua yasipeperuke. Tukatazamana.

Nikangoja aje kunigombeza. Hakuja. Nilimsalimu "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kama jana na juzi. Ila kigoda hakukileta tena bustanini. Mayungiyungi yalipochanua upya nikampelekea fungu zima. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilikuwa nimejiandaa kukiri, nikaishia kuzungumzia mvua.

Ile harusi iliniletea nyingine kweli, kwa miaka michache. Kisha maua ya plastiki yakaja kwa malori kupitia mpaka wa Tunduma, yasiyodai maji wala samadi, na maharusi wakayaona yangu ya kishamba. Jirani akauza nyumba pamoja na kile kiwanja, akahamia kijijini Msanzi kwa binti yake. Mimi nikajifunza cherehani.

Basi safari hii, baada ya ubatizo, nikapanda gari kwenda Msanzi. Nilikuwa nimeazimia kukiri. Binti yake akanipokea mlangoni, akaniambia mama alifariki msimu uliopita wa kulima. Akanikaribisha ndani, akanipakulia ugali wa ulezi na maharage.

"Mama hakukusahau, dada," akasema. "Alikuwa akitusimulia jinsi bibi alivyokufa sisi tukiwa mbali, na wewe ukamfunika kaburi zima kwa maua meupe. Sijawahi kukushukuru."

Nikarudisha tonge sahanini. Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli, na hapakuwa na harusi ya kusingizia. Nikamtazama yule dada, sura ni ya mama yake kabisa, nikasikia sauti yangu ikisema, "Aliyapenda sana."

Kiwanja cha Milanzi hakinisumbui, rafiki yangu. Maua yangeota hata kwingine penye unyevu. Ila mtu aliyeujua uongo wangu, akaubeba miaka yote hiyo ili nisiaibike mbele ya wanawe, ameondoka. Nami nimeachiwa uongo huo peke yangu, na siku ile mezani kwa binti yake nikauongezea wa pili.