Ploti Nzima Ikigombania Robo Tatu

Mvua ikipiga mabati ya mtaa wetu wa Kangemi, hata ukipiga nduru jirani hakusikii. Ikikatika tu, lo! Unasikia kila kitu: kitunguu kikitiwa kwenye mafuta chumba cha tatu, mtoto akikemewa chumba cha tano, redio ya mtu ikikwaruza. Kuta zetu nazo zilikuwa za mabati, na katika ploti yetu, vyumba vya kupanga vilivyobanana uani, hapakuwa na siri iliyovuka jioni. Msimu ule wa mvua ndefu, nikiwa darasa la tano, siri yangu ilikuwa hesabu. Mwalimu alikuwa ameniita ubaoni nigeuze 0.5 iwe akisami, zile namba zinazokaa moja juu ya nyingine. Nami bila wasiwasi nikafuta nukta, nikachora mstari: sufuri juu, tano chini. “Kwa hivyo nusu mkate kwako ni hewa?” akauliza. Darasa likaangua kicheko, na wiki nzima nikaitwa Hewa. Kisha mwalimu akatangaza kwamba kesho nitarudi ubaoni, safari hii na 0.75, na nieleze jibu langu. Nilijua nikikosea tena, jina lile nitalibeba hadi darasa la nane.

Mama alikuwa hajarudi kutoka kazini Upper Hill. Kuuliza si ujinga, kwa hivyo mvua ilipokatika nikalisoma swali kwa sauti ya kusikika ukutani. Jibu likaja kutoka kushoto, kwa Mama Mueni, msusi wa nywele: “Andika sabini na tano juu ya mia! Namba mbili nyuma ya nukta, sufuri mbili chini.” Kabla sijaandika, kulia akanguruma Anko Shikuku, fundi wa rangi: “Wacha kupotosha mtoto! Ni robo tatu. Tatu juu ya nne!”

“Mimi nipotoshe mtoto? Mimi niliyekuwa namba mbili darasani?”

“Namba mbili kutoka juu ama kutoka chini?”

Weeh! Milango ikafunguka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini jioni ile kila mtu alitaka nivae zake. Wa sabini na tano wakajipanga upande wa bomba, wa robo tatu upande wa kamba za nguo, wakabishana kama siku ya kura. Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, na nyasi nilikuwa mimi, kwa maana wa kusimama ubaoni kesho hakuwa Shikuku. Nikachukua kipande cha makaa jikoni, nikaandika majibu yote mawili mlangoni petu. Nikayakodolea macho. Mia ina robo ngapi? Nne, kila moja ishirini na tano. Na sabini na tano je? Ishirini na tano, hamsini, sabini na tano... tatu! Nikaruka juu. “Ni jibu moja! Nyote mmepata!”

Mama Mueni akasogea, akahesabu kwa vidole vyake vyenye mafuta ya nywele. “Haki ya Mungu, Shikuku, kumbe ulienda shule.” Ploti ikacheka hadi mvua ikarudi. Mama alipofika alinigombeza kwa ajili ya mlango, lakini sikumsikia vizuri, nilikuwa nangoja kupambazuke. Na kulipopambazuka niliandika majibu yote mawili ubaoni, nikaeleza robo moja moja. Jamani, furaha ile! Hakuna aliyeniita Hewa tena.

Sasa naishi Lavington, nyumba ya mawe, kimya asubuhi hadi jioni. Binti yangu huuliza simu, ikampa jibu papo hapo, nalo huwa sahihi, sitadanganya. Juzi nilimuuliza kwa nini sabini na tano juu ya mia na robo tatu ni kitu kimoja. Akainua mabega. “Simu imesema, mum.” Nikamwambia, kama simu haikueleza, basi aulize jirani.

“Jirani yupi?”

Tumekaa hapa tangu azaliwe, na sikuweza kumtajia jina hata moja.