Mbegu Sikioni mwa Bibi

Harufu ya majani ya pakanga yakiungua haifanani na ubani wala udi. Ni nzito, ina uchungu kidogo, na huganda kwenye nguo. Kwa pua za watu wa Birmingham inafanana mno na bangi, ndiyo maana Jumamosi ile ya kwanza Baba alimnusa mama yake mzazi mlangoni, akaninusa na mimi, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Mlikuwa wapi nyinyi wawili?"

Wiki iliyopita harufu hiyo ilinikuta nikishuka basi, ikitoka dirisha moja la ghorofani, na mwili ukanisisimka. Mimi ni mtu mwenye shahada ya sayansi, nisiyeamini hata utabiri wa mvua. Lakini nilisimama pale, sikuweza kuondoka, mpaka basi la pili likaja.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Winson Green, nyumba za safu, na ukutani kwetu kulikuwa na picha ya Babu, aliyefariki mwaka mmoja kabla Bibi hajaletwa kutoka Unguja kuja kuishi nasi. Goti la kulia la Bibi lilikuwa limevimba na kukakamaa. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza. Kilichomsumbua hasa hakikuwa maumivu. Alikuwa anasali kwenye kiti. Kila alipoinama hewani badala ya kufikisha paji la uso chini, aliinuka na sura ya mtu aliyefukuzwa mlangoni.

"Nataka kusujudu tu," alimwambia Baba. "Hata mara moja kabla sijafa."

Jirani akamtajia mama mmoja wa Kichina mwenye chumba cha tiba Perry Barr, juu ya duka la simu, karibu na lile daraja la magari ambalo siku hizi limeshabomolewa. Bibi hakumuomba mtu ruhusa. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, nami nikawa mkalimani.

Chumbani mle kulikuwa na picha moja tu ukutani, na sijaisahau. Sikio kubwa la mtu, na ndani yake kitoto kimejikunja, kichwa chini miguu juu, macho kimefumba. Bibi alikitazama muda mrefu.

"Muulize, haka katoto kaliingiaje humu?"

Yule mama, ambaye Bibi alikwishampa jina la Bi Sindano, alieleza kwamba kila kiungo cha mwili kina mahali pake sikioni, na kitoto kile kinaonyesha wapi. Goti liko huku juu. Bibi akagusa sikio lake polepole, kama mtu aliyeambiwa ana mgeni nyumbani na hakumjua.

"Mficha uchi hazai," akasema, akapandisha buibui mpaka juu ya goti. "Kwetu tunaumika kwa pembe, tunatoa damu mbaya. Mwambie achome."

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Bi Sindano alichoma ya tatu chini ya goti, akaizungusha kidogo, na Bibi akashika mkono wangu.

"Salma. Kuna mtu anatembea ndani ya mguu wangu."

Nilitafsiri kama nilivyoambiwa, nikitaraji Bi Sindano ashtuke. Alitabasamu. "Vizuri," akasema. "Ndiye tunayemsubiri."

Akawasha kipande cha pakanga karibu na goti, akatoka nyuma ya pazia, akatuacha na moshi. Bibi alilala macho wazi, hapepesi, na kila lori lilipopita darajani sindano zote zilitikisika pamoja. Nilihesabu pumzi zake. Nilipochoka kuhesabu nilianza kumuuliza Bi Sindano maswali kupitia pazia, naye akanihadithia, nadhani ili ninyamaze. Wazee wao, alisema, walianza kwa mawe yaliyochongwa, wakaja mifupa, mwisho chuma. Vitabu vyao vya miaka elfu mbili na zaidi vinaeleza njia ambazo qi, pumzi ya uhai, hupita mwilini kama maji mferejini. Na mfalme mmoja, karibu miaka elfu iliyopita, aliamuru atengenezwe mtu wa shaba, mkubwa kama mtu kamili, mwenye matundu madogo mwili mzima. Walimjaza maji, wakamziba kwa nta. Mwanafunzi alitakiwa kumchoma bila kuyaona matundu. Akipatia, maji yanatoka.

"Na akikosea?"

"Anabaki mkavu."

Kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kuoga bila kukagua vinyweleo vya mikono yangu.

Baada ya ziara ya nne Bi Sindano alisafiri kwenda kwao kwa mwaka mpya. Alituachia karatasi za plasta ndogondogo za mraba, kila moja na mbegu nyeusi katikati, ndogo kuliko ya mchicha. Alibandika moja sikioni mwa Bibi, mahali pa goti, akasema ikae siku tano na iminywe mara kwa mara. Hakujua kwamba Bibi hutawadha mara tano kwa siku, na kwamba asingekubali kitu chochote kizuie maji yasifike sikioni. Kila udhu aliibandua. Kila akimaliza kusali aliniita niibandike mpya. Nikiwa skuli alisubiri nirudi. Kwa hiyo goti lote la Bibi likawa mikononi mwangu.

Kila mara Bibi aliuliza maswali yale yale. "Umepaona?" Nimepaona. "Bonyeza." Nabonyeza. Alifumba macho, tukangoja, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Huyoo. Anakuja." Na mimi nywele za shingoni zinasimama.

Muhula ule mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametufundisha jinsi ya kufanya jaribio la haki: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo. Nilichukulia neno hilo kama wengine wanavyochukulia aya. Wiki ya kwanza nilibandika sawasawa. Ya pili nilianza kubandika pasipo pake, kwenye ndewe, mahali ambapo kwa mujibu wa ile picha palikuwa kichwa cha kitoto. Anayetembea akaja vilevile.

Alhamisi moja nilirudi kutoka skuli nikakuta kiti kitupu. Bibi alikuwa chini, kwenye msala, paji la uso sakafuni, hatikisiki. Nilimwita, hakujibu. Nilisimama na begi mgongoni, nikisikia friji inavyonguruma jikoni, nikiwa na hakika kabisa kwamba amekufa. Kisha akaketi. Akasujudu tena. Alipotoa salamu uso wake ulikuwa umelowa.

"Ameniinamisha," akasema. "Nilikuwa nimesimama, akanishika hapa nyuma ya goti, akaniinamisha."

Mtoto mwema angefurahi akaacha hapo. Mimi kesho yake niliingia bafuni na karatasi ya plasta, nikazibandua mbegu moja moja kwa kucha. Nilimbandikia Bibi plasta tupu. Nikabonyeza plasta juu ya ngozi.

"Amekuja?"

"Amekuja," Bibi alisema, macho kafumba. "Leo ana haraka. Amefika nyongani."

Mbegu ilikuwa kwenye kiganja changu cha pili. Niliitazama. Ilikuwa mbegu tu, imelala. Basi huyu aliyekuwa akipanda mguu wa Bibi, tena sebuleni kwetu, televisheni ikiwa imewashwa, nani alimwita?

Siku nne nilinyamaza. Nilikuwa naogopa, na pia nilikuwa najisikia mwerevu, na viwili hivyo vikikaa pamoja tumboni mwa mtoto havikai sana. Jumanne, Bibi akiwa ameketi na sikio amenitegea, nikasema, kwa Kiingereza kwanza kisha kwa Kiswahili changu kibovu, "Bibi, hamna kitu humo. Nilitoa mbegu. Tangu Ijumaa hamna kitu."

Bibi alikuwa na msemo alionipigia kila nilipowauliza wageni umri wao: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile hakuusema. Aliibandua plasta, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Basi alikuwa nani?"

"Hakuna mtu, Bibi," nikasema. Nilikuwa na uhakika.

Alasiri ile alisimama kwenye msala muda mrefu. Kisha akaniomba nimsogezee kiti.

Hakunigombeza, wala hakumwambia Baba. Nilimbandikia plasta zenye mbegu, mahali penyewe, nikampimia kwa rula. "Hajaja," alisema, kana kwamba ananiomba radhi. Bi Sindano aliporudi alimchoma tena mara tatu, sindano zikasimama mguuni zikitikisika na malori, na Bibi akatazama dari. Alisali kwenye kiti miaka sita iliyobaki ya umri wake.

Chuoni nilisoma kila nilichokipata. Ile ramani ya sikio haikuwa ya kale hata kidogo: aliichora daktari mmoja Mfaransa karne iliyopita, Wachina wakaichukua. Njia za qi hakuna mpasuaji aliyewahi kuziona. Sindano kweli huamsha mishipa ya fahamu, na mwili ukatoa dawa zake wenyewe za maumivu. Lakini zikilinganishwa na sindano za uongo, zisizoingia ngozini au zinazochomwa pasipo pake, mara nyingi tofauti ni ndogo, na wagonjwa wa pande zote mbili hupata nafuu kuliko wasiofanyiwa lolote. Nilipoyasoma hayo maktaba sikushangaa. Nilikuwa nimeyaona sebuleni.

Kilichonichukua muda zaidi ni swali la Bibi. Nilidhani ni swali la bi mkubwa wa Unguja anayeogopa majini. Ndilo swali ambalo watafiti bado wanauliza, kwa maneno marefu zaidi: kama si mbegu, ni nini? Yeye aliuliza. Mimi, mwenye kupenda maswali, nililifunga kwa maneno mawili.

Najua mnachotaka kuniambia, kwa sababu nimejiambia mwenyewe. Goti lilikuwa limechakaa, baridi ilizidi mwezi ule, maumivu hupanda na kushuka yenyewe. Huenda angerudi kwenye kiti hata ningenyamaza. Ili kujua ningehitaji mabibi wawili, wanaofanana kwa kila kitu, mmoja aambiwe na mwingine asiambiwe. Mimi nilikuwa naye mmoja, nikamwambia.