Bakora ya Kuingia Nayo Ukumbini

Fundi Fimbo, kama mtaa mzima unavyomwita, aliachiwa na marehemu mumewe karakana iliyojaa miguu ya viti. Viti vilimchosha. Akageukia fimbo, maana aliona watu wazima wanavyochagua kujifungia ndani kuliko kuonekana na gongo la hospitali. Zake zilipendeza: mpini uliojikunja ukaenea kiganjani, vanishi iliyooana na gauni la mwenyewe, mpira mgumu chini usioteleza. Watu wakaanza kutoka nje. Yeye akabaki ndani, kiwiko kinamuuma, vumbi la msasa limemkaa kooni.

Kisha ikafika zamu ya dada yake. Goti lilikuwa limekwisha, na binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka jambo moja tu: kumsindikiza bintiye mpaka mbele ya ukumbi bila kushikwa mkono na mtu.

"Usinitengenezee mkongojo, mdogo wangu," alisema, amesimama katikati ya vipande vya mbao, amevaa viatu vyake vya visigino virefu. "Mimi sijazeeka. Goti ndilo limezeeka."

"Siku hiyo utavaa hivyo?"

"Hivi hivi. Pima."

"Dada, na goti hilo?"

"Pima, nawe! Tangu utoto kazi yako kunibishia."

Akapima, kutoka kifundo cha mkono mpaka sakafuni. Hakuwa na nguvu za kubishana. Dada akataka pia fimbo ichongwe maua, yashuke mpaka chini kabisa. Fundi Fimbo, ambaye kila fimbo huiachia kipande kitupu cha kupunguza, safari hii hakukiacha. Alichonga ua baada ya ua, akayajaza waya wa shaba, mpaka vidole vikagoma kukunjika.

Siku ya harusi goti likavimba, uvimbe ukashuka mpaka mguuni. Viatu vikakataa kuingia. Dada akavaa ndala za kuogea, akazifunika kwa gauni refu, akashika bakora na kupiga hatua pale nje ya ukumbi. Bega likapanda karibu na sikio. Hatua iliyofuata akayumba, akajiegemeza ukutani.

"Inanisukuma juu," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi Fimbo akatoa msumeno mfupi kwenye mkoba wa harusini. Hakuwahi kuviamini vile visigino. Akauchomoa mpira wa chini.

"Unafanya nini? Si maua yangu hayo?"

"Ndiyo. Kaa hapo kwenye ngazi unishikie huku juu."

"Ya chini ndiyo mazuri kuliko yote!"

"Najua, dada. Nimeyachonga mimi."

Akakata. Shaba ikalia chini ya meno ya msumeno, na ua zima likaanguka kwenye saruji. Akarudisha mpira, akaugonga kwa kiganja. Dada akasimama. Bega lilikuwa limetulia. Hakusema asante.

"Naonekana mzee?"

"Unaonekana umechelewa. Nenda, mtoto anakungoja."

Fundi Fimbo aliwaona kupitia mlango, mama na binti, wakienda polepole, bila kushikana mikono. Mtu akampungia kwamba kiti chake kiko mbele. Naye akapunga kwamba anakuja.

Alitaka kweli kwenda. Ila pale ngazini palikuwa na kivuli, na hapakuwa na mtu wa kumwomba ampimie chochote. Akaketi kwanza.