Mabakuli Matatu ya Korosho

Mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa Newala kutoka Bukoba hufuta chaki vidoleni kwa leso ileile, mara tatu, ndipo aitikie salamu. Jirani yake Mama Ethel alishamzoea. Kila Jumapili akitoka kanisani humpitishia muhogo katika kikapu chake, na kila Jumapili humkuta peke yake barazani na mabakuli matatu ya korosho yaliyopangwa juu, kati na chini kwenye vidaraja, akitoa huku na kujaza kule, midomo ikicheza bila sauti. Safari hii akamuuliza.

“Nahakikisha hesabu haijipingi, Mama,” alisema taratibu, kama mtu ambaye siku nzima hajasema na mtu. “Kwamba haitathibitisha kuwa sifuri ni sawa na moja. Uthibitisho wa uongo huo ukiurahisisha, unazaa mwingine mrefu zaidi, ila wenye cheo, yaani daraja lake, cha chini zaidi. Ni kama hizi. Toa korosho moja bakuli la juu, kisha jaza mabakuli ya chini yake utakavyo. Zitaongezeka mpaka uchoke, lakini mwisho zitaisha, maana cheo hakishuki milele. Basi uthibitisho huo haupo.”

“Tuone.”

Wakacheza. Mama Ethel akitoa moja, anaongeza mbili tatu kwa adabu, na baada ya muda akaanza kuangalia kikapu chake kama mtu anayetaka kuaga. Mwalimu aliliona hilo. Akatoa korosho ya mwisho ya bakuli la juu, akaingia ndani, akarudi na debe zima, akalimimina katika bakuli la kati hadi korosho zikatapakaa sakafuni.

“Si umesema zitaisha, Mwalimu?”

“Zitaisha,” alisema, ameinama akiziokota mojamoja. “Lakini si leo.”